Wageni Arobaini na Mmoja wa Kwenye Karatasi

Mkurugenzi wetu alipoletwa kusimamia ufukwe, alikuwa hajawahi kumwona kasa ila kwenye stempu. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa nyumba za wageni. Alijua kukunja shuka, alijua kupanga funguo kwenye misumari, na alijua kumwambia mtu kuwa chumba kipo hata kama hakipo. Sikatai, hiyo nayo ni elimu. Ila waliomleta kwetu walidhani ufukwe ni nyumba ya wageni iliyokosa paa tu.

Sisi tulimwita Bwana Pasi. Suruali zake zilikuwa na mkunjo ambao ungeweza kukatia mkate, na kila alichokiona kimejikunja alitamani kukinyoosha. Hilo jina alilisikia siku moja kupitia dirishani, akadhani ni la heshima, akatembea wima zaidi.

Mimi nilikuwa mpika chai wa ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba vitatu: chake chenye zulia, cha karani chenye makabati, na jiko langu, ambalo lilipata dirisha kubwa kuliko yote kwa sababu fundi alikosea vipimo. Kwa hiyo wao walikuwa na vyeo, mimi nikawa na bahari.

Na bahari nimeiona ikila. Kwanza ilikula mchanga, ule mchanga wetu wa zamani, mweupe, unaopita kati ya vidole kama unga uliochekechwa. Kisha ikala ngazi za ofisi. Ikala nguzo za kamba ya kuanikia. Ikala choo cha wanaume, na kwa miezi miwili wanaume wakapanga foleni kwenye choo chetu kwa adabu ambayo wake zao hawajawahi kuionja. Sababu kila mtu aliijua. Kule kwenye kona wenye hoteli walijenga ukuta wa saruji kulinda bwawa lao la kuogelea, na wimbi likigonga ukuta linageuka, linakuja kumalizia hasira zake kwetu. Ukuta haukuguswa. Ukuta una wenyewe. Badala yake ukaletwa mchanga.

Mchanga huo meli iliufyonza chini ya bahari, ukatemwa ufukweni kwa bomba nene kama tumbo la ng'ombe. Ukaja wa kijivu, umechanganyika na tope na vipande vya makombe, unanuka kama sufuria iliyosahauliwa chini ya meza. Greda zikausambaza. Mpaka hapo sina neno. Ufukwe ulikuwa haupo, sasa upo. Lakini Bwana Pasi alitoka akautazama, akaona una mabonde na vilima, akaumia moyoni. Akaagiza lile gari la kushindilia barabara, lenye gurudumu la chuma kama pipa. Likapita juu ya mchanga siku nne, linaenda linarudi, mpaka ufukwe ukawa kama meza. Niliangusha kijiko pale nikasikia mlio.

Basi asubuhi moja nikimwekea chai nikamtegea kitendawili. Kitanda kimetandikwa vizuri, shuka halina mkunjo hata mmoja, na mgeni aliyetoka mbali, mjamzito, amechoka, anakitazama, anageuka, anarudi zake. Bwana Pasi akafikiri mpaka chai ikapoa. Akasema labda mgeni hakuwa na kitambulisho. Nikamwambia ameshindwa, anipe mji. Akanipa mji wowote niutakao, hata hakuuliza una watu wangapi. Kugawa visivyo vyake hakujawahi kumsumbua.

Jibu alikuwa nalo mkwe wangu.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa tatu, ndiye msoma miburuzo wa ufukwe. Na hiki nacho nimtegee nani: barua inaandikwa gizani, inaandikwa kwa tumbo, na ukichelewa kuisoma maji yanaifuta. Ndiyo mburuzo huo. Ni alama anayoiacha kasa akijikokota kutoka majini, mistari miwili ya mikono na katikati njia ya tumbo, kama mtu aliyeburuta gunia. Mama kasa anapanda usiku, anachimba shimo kwa miguu ya nyuma, anataga mayai mia au zaidi, anafukia, anarudi. Mkwe wangu anafika alfajiri na daftari lake, anasoma. Miaka kumi na moja amekuwa akisoma. Atakuambia huyu ni mzee, huyu mkono wake wa kushoto ulikatika, huyu alishtushwa na taa. Aliyetaga anaacha mchanga umetifuka na kurushwa huku na huku, kama kitanda cha mtoto mchanga. Asiyetaga anapanda, anakwaruza, anageuka. Hapo hakuna kilichorushwa.

Siku ya kwanza ya msimu, juu ya mchanga mpya, alikuja jikoni akakaa kwenye ndoo bila kuvua kofia. Akaniambia watatu wamekuja. Nikasema tushukuru. Akasema wote watatu wamekwaruza wakaondoka, na mmoja ameacha damu pale alipokuwa akichimba. Nikamwuliza sasa mayai atayapeleka wapi. Akanieleza kama anavyomweleza mtoto: atayabeba siku chache, atajaribu tena, na akikosa kabisa atayaangusha baharini, na yai la kasa likizama majini limekufa. Kila mama anarudi baada ya wiki mbili hivi na fungu jingine, mara tatu, mara nne, kisha msimu umekwisha na yeye anaondoka miaka miwili au zaidi.

Dawa ilikuwepo. Mchanga ulimwe. Tela lenye meno marefu lipite, liulegeze kina cha mkono mzima mpaka begani. Hiyo haikuwa siri ya mkwe wangu. Ilikuwa kwenye mkataba wa wajenzi, kifungu cha tisa, na yeye ndiye aliyewaganda mpaka wakaiandika. Bwana Pasi alikikata kifungu cha tisa kwa wino mwekundu. Pembeni akaandika kwamba ufukwe uliolimwa unafanana na shamba, na tena viti vya wageni vitazama.

Mwezi ukaisha. Mkwe wangu akaitwa kutoa hesabu. Nilikuwa pale na birika, na karani alikuwa pale na kalamu. Huyu karani sisi tulimwita Ndiyo Mzee, na sina haja ya kueleza kwa nini.

"Wamelala wangapi?" Bwana Pasi akauliza.

"Hakuna aliyelala, Mkurugenzi. Wamefika arobaini na mmoja."

"Mgeni akifika mapokezi mimi namwandika."

"Na akitazama chumba akaondoka?"

"Kwenye kitabu si ameshaandikwa?"

Mkwe wangu akanitazama mimi, mimi nikatazama birika. Akamweleza tena, taratibu, kwamba kufika ni kitu kimoja na kutaga ni kitu kingine. Bwana Pasi akamsikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayesikiliza malalamiko ya maji ya moto. Alipomaliza akamgeukia karani akasema aandike viota arobaini na kimoja. Karani akasema ndiyo mzee. Mkwe wangu akakataa kutia sahihi. Bwana Pasi akasema sahihi ya karani inatosha, ina mikunjo michache.

Kesho yake kila mahali kasa alipokwaruza pakapigiliwa kigingi chenye kibao cha namba, moja mpaka arobaini na moja, vibao vya shaba kama vya milango. Vigingi vyenyewe viligoma kuingia. Vibarua walivunja nyundo mbili.

Hapo ikaja barua kutoka makao makuu. Mgeni Rasmi atafika baada ya siku kumi kukabidhi cheti cha ufukwe uliofufuka, na angependa kuyaona mayai kwa macho yake. Ofisi nzima ikafurahi. Mkwe wangu peke yake alikuja jikoni na uso wa msiba. Akaniambia: wakishapeana cheti, wajenzi wanafunga mizigo yao, jambo limekwisha, na huu mchanga hautalegezwa tena mpaka yeye awe na wajukuu. Na wale mama zetu fungu la pili ni wiki hiihii na ijayo. Nikamwuliza kama amemwambia tena Bwana Pasi. Akasema amemwambia mara nne, na mara ya nne alimwandikia.

Bwana Pasi ni mtu wa mazoezi. Hakutaka kuaibika mbele ya Mgeni Rasmi, kwa hiyo akaamuru kiota kimoja kifukuliwe mapema, yaonekane mayai, yafukiwe tena vizuri. Akachagua namba saba, kwa sababu kwenye nyumba yake ya wageni namba saba ndicho kilikuwa chumba chenye feni. Vibarua wakachimba kwa sululu. Wakafika magotini, hakuna. Wakafika mapajani, hakuna. Namba nane, hakuna. Namba ishirini, hakuna.

Mtu mwingine hapo angeanza kujiuliza. Bwana Pasi hakujiuliza. Karatasi inasema mayai yapo, mchanga unasema hayapo. Na kati ya karatasi na mchanga, yeye anajua nani mwongo. Akasimama ukingoni mwa shimo namba ishirini, soksi zake zimejaa vumbi la kijivu, akatamka kwamba tumeibiwa.

Basi ikaanza kazi ambayo sijaona mfano wake. Vibarua kumi na wawili, siku nne. Walifukua vigingi vyote arobaini na kimoja. Halafu Bwana Pasi akawaza kwamba mwizi huenda ameyazika jirani ili arudi baadaye, kwa hiyo wakachimba na katikati ya vigingi. Halafu akawaza kwamba mwizi ni mjanja zaidi ya hapo, wakaenda chini zaidi. Walipomaliza, ufukwe wote kutoka kigingi cha kwanza mpaka cha mwisho ulikuwa umegeuzwa ndani nje, madongoa yamepondwapondwa, mchanga umelala tifutifu kama shamba la viazi linalosubiri mbegu. Mkwe wangu alikuwa akipita pale kila asubuhi, polepole, akiukanyaga kwa kisigino.  Siku ya tatu nilimwona amemsogelea mnyapara wa vibarua, akamwonyesha sehemu moja waliyoiruka, na wale wakaenda kuichimba.

Upekuzi nao ukafika jikoni kwangu. Karani alifungua kabati la vikombe, akafungua pipa la unga, akainua hata kitambaa cha kufutia. Ndani ya sufuria ndogo akakuta mayai matatu ya dereva, nilikuwa nimemchemshia. Akayatazama sana. Akaandika: mayai matatu, yamechemshwa, umbo la kuku. Nikamwambia aongeze kwamba na chumvi ipo.

Siku ya tano ikabidi mwizi apatikane. Nani anajua viota vilipo? Nani anaamka alfajiri, anatembea ufukweni peke yake? Nani alikataa kutia sahihi? Hesabu yao ikatoka mara moja. Akaitwa mkwe wangu, akasimamishwa juu ya zulia, hakupewa kiti. Niliingia na chai ambayo hakuna aliyeiagiza.

Bwana Pasi akazungumza kwa muda mrefu kuhusu uaminifu. Mkwe wangu alikuwa amebeba mkoba wake wa kitambaa begani, na ndani ya mkoba nilijua kuna daftari. Daftari lina kila alfajiri ya msimu ule, tarehe, saa, na mbele ya kila mburuzo maneno mawili, amekwaruza, ameondoka, amekwaruza, ameondoka, mara arobaini na moja. Alichotakiwa ni kulitoa tu na kuliweka mezani. Hata Ndiyo Mzee angesoma. Nikawa nausubiri mkono wake uingie mkobani.

Ukaingia. Na hapo nje injini ikanguruma. Lile gari la pipa lilikuwa limerudi, limesimama mwanzo wa ufukwe, dereva anajifunga kitambaa puani.

Mkono ukatoka mtupu.

"Lile gari linakwenda wapi, Mkurugenzi?"

"Kunyoosha. Unadhani Mgeni Rasmi nimwonyeshe mashimo?"

"Haya. Ila mahali palipoibiwa, ukipapiga pasi umefuta ushahidi." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama anayemkumbusha mtu mwavuli wake. "Mimi sijasema kuna mwizi. Wewe ndiye umesema. Wapelelezi wakija wakakuta pamenyooka, watataka kujua nani alikuwa na haraka ya kunyoosha."

 Nilimwona Bwana Pasi akiliona jina lake kwenye karatasi ambayo hakuiandika yeye. Hicho ndicho kitu pekee alichokiogopa duniani. Akainuka, akaenda dirishani, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na gari likazimwa.

Kisha akataka kujua ushahidi unatunzwaje, na mkwe wangu, mtuhumiwa wetu, akamweleza. Pazungushwe kamba. Mtu asikanyage, mchana wala usiku. Mashine isisogee. Na zile taa kali za ufukweni zizimwe, mwizi akirudi asione njia. Bwana Pasi akakubali kila kitu, na karani akaandika kila kitu, na hakuna kati yao aliyeona kwamba anayewapangia ulinzi ndiye mwizi wao. Mgeni Rasmi alipopata habari kwamba kuna kesi, akaugua ghafla, akasogeza safari yake mbele wiki tatu.

Jioni ile nyumbani nilimgombeza. Mwanangu naye alimgombeza, tena kwa sauti. Alikuwa na daftari, kwa nini hakulitoa?

"Mama, nikilitoa leo, kesho gari linapita," akaniambia. "Mashimo ya bure yatafukiwa, watu watacheka wiki moja, na wale mama watakuja kukwaruza mawe tena. Niacheni niwe mwizi wiki mbili."

Wiki mbili ni rahisi kuzitamka. Bombani wanawake waliacha kuweka ndoo zao karibu na yake. Dukani mtu akamwuliza, mbele za watu, yai la kasa linakaangwa au linachemshwa. Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kimempa ufunguo wa ukumbi, akatumwa mtu kuja kuuchukua, mtu ambaye mkwe wangu ndiye aliyemshika mkono alipojifungua watoto wake wawili. Alimpa ufunguo, akamshukuru kwa kuja, akaingia ndani, na nilimsikia akipanga sahani ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mimi nilitaka kuzunguka nyumba kwa nyumba na lile daftari mkononi. Alilificha, na mpaka leo sijui alilificha wapi, na nyumba ile naifahamu.

Basi nikabaki na kitendawili changu. Kilichoibiwa hakijawahi kuwepo, aliyeibiwa hakuwahi kuwa nacho, na mwizi ndiye mlinzi. Hakuna niliyemtegea. Wote wangenipa miji.

Alfajiri ya nne tangu kamba izungushwe nilikuwa nawasha jiko. Akaingia. Akavua kofia. Akaomba mkate, akala nusu yake akiwa amesimama, kisha akasema wawili, kando ya namba kumi na tisa na namba thelathini. Mchanga umerushwa mpaka kwenye kamba. Nikamwambia akae. Akakaa, akacheka kidogo, akajifuta macho kwa mkate badala ya kitambaa.

Waliendelea kuja. Kufika mwisho wa wiki ya pili walikuwa kumi na tisa, na wote kumi na tisa walikuwa wametaga. Mpelelezi alikuja mmoja tu, mwanamume mnene mwenye viatu vya kukopa. Alikunywa vikombe vitatu, akauliza kama kasa anauma, akaondoka.

Halafu, Mgeni Rasmi akiwa amekaribia tena, Bwana Pasi akaamuru kishimo kimoja kichunguzwe kwa mara ya mwisho. Kibarua akaingiza mkono, akasema kuna kitu. Yai. Jingine. Bwana Pasi alipiga magoti na suruali yake ile, akatazama ndani ya shimo, na nikasema moyoni, sasa ataelewa. Sasa hata kiatu kingeelewa.

Akasimama, akajipangusa, akatangaza kwamba mwizi ameogopa, ameyarudisha.

Sikuwahi kuliwaza hilo. Nimeishi miaka mingi, nimelea wanne, nimesikia uongo wa kila kimo, na hilo lilinipita. Usiku kucha nililigeuza kichwani na nikakiri kwamba kwa upande wake lilikuwa limekaa sawasawa. Mayai yalikuwepo kwenye karatasi, yakaibiwa, sasa yapo tena, kwa hiyo yamerudishwa. Hata mahali pa kuingiza kidole hukuti.

Mkwe wangu akapewa barua. Karani aliipiga chapa, akaigonga mhuri mara mbili. Ilisema kwamba kwa kuwa amerejesha mali ya umma kwa hiari yake, ofisi imemsamehe. Ataendelea kusoma miburuzo. Ila kuanzia siku hiyo amekatazwa kugusa yai lolote la kasa, kwa mkono, kwa chombo au kwa njia nyingine yoyote. Atie sahihi chini. Alisoma mara mbili, akatia sahihi. Akasema viota kumi na tisa kwa barua moja, ataichukua.

Mgeni Rasmi akafika. Kulikuwa na viti, vipaza sauti na kipande cha utepe. Bwana Pasi alipewa kioo kilichochongwa, kwa ubunifu wake katika ulinzi wa viota, na katikati ya hotuba kiti cha Mgeni Rasmi kikaanza kuzama mguu mmoja, polepole, naye akaendelea kupiga makofi huku akiinama upande kama meli. Mchanga ulikuwa laini mno. Mimi nilipita na sinia, nikampa chai upande ule ulioinuka.

Vumbi la magari yao lilipotulia, bahari ikarudi kazini. Haikuwa imealikwa kwenye sherehe, na habari za cheti haikuzipata. Ukuta wa hoteli ulikuwa palepale, wimbi likaendelea kuugonga na kugeuka, na mchanga wetu mpya ukaanza kumeguka upande wa maji kama keki inayoliwa na mtu mwenye aibu. Kila siku kipande. Pakatokea ukingo mwima unaofika kiunoni, unasogea juu, na alfajiri moja mkwe wangu akaja jikoni mbio. Kiota kimoja, karibu na namba kumi na nne, kimebakiwa na hatua moja. Maji yakijaa jioni kinakwenda.

Nikamwambia akakihamishe. Akanyoosha mikono yake mbele yangu, akaitazama kama mikono ya mtu mwingine.

Nikachukua ndoo ya unga, nikaipangusa, nikaweka mchanga chini kama alivyoniambia. Tukaenda. Yeye alitembea mbele, mikono ameifunga nyuma, vidole vya mkono mmoja vimekamata kifundo cha mwingine. Nikapiga magoti. Magoti yangu hayajapenda kupigwa tangu zamani. Nikachimba kwa vidole mpaka nikaligusa la kwanza: laini, lina ubaridi, halina ugumu wa yai la kuku, linabonyea kama shavu.

"Usiligeuze, Mama. Upande ulio juu ubaki juu. Ukiligeuza umeua kilichomo."

Nikalibeba kama anavyobebwa kichanga anayelala. Moja. Mbili. Alikuwa ameinama juu yangu, kivuli chake kinanitetemekea mgongoni, na kila nilipochota alivuta pumzi.

Karani akatokea. Alikuwa ametumwa kuhakikisha masharti ya barua yanafuatwa, na nakala alikuwa nayo mfukoni. Akauliza Bibi unafanya nini. Nikasema nahamisha mayai. Akamtazama mkwe wangu, mikono ipo nyuma. Akaifungua barua, akaisoma yote kwa midomo, akaigeuza akatazama mgongoni. Inamtaja msoma miburuzo. Mpika chai haimtaji. Alisimama pale muda mrefu, maskini, hana wa kumwambia ndiyo. Mwishowe akaikunja barua, akavua viatu, akashika mpini wa ndoo isiyumbe.

Chini yetu wimbi likapiga ukingo, donge la mchanga likaanguka majini.

"Sitini na mbili," nikasema.

"Sitini na mbili ulishasema, Mama."

"Basi hili ni sitini na tatu. Nyamaza nihesabu."